Bawa Lililopakiwa Viazi vya Musienene

Siku ya kwanza kazini nilifika karakana ya bosi tuliyemwita Patron, hapa Butembo, nikiwa na koti, tai na diploma ya falsafa. Patron aliuza vipuri vya pikipiki, lakini alikuwa ameamua kujijengea ndege ndogo. Alinitazama juu hadi chini, akanipa glavu.

"Prof, mousse haitakuuliza swali. Toa koti."

Ninyi vijana mjue: mousse ni povu gumu, jepesi ajabu. Tulilikata kwa waya wa moto hadi likapata umbo la bawa, tukalivika vitambaa vya nyuzi za kioo, tukavilowesha résine, yaani gundi ya majimaji. Ikiganda, bawa linakuwa gumu kuliko mbao. Ufundi ni kuikamua gundi inayozidi, maana kila tone ni uzito. Mimi nilimwaga kwa ukarimu.

"Unapaka résine ao unapika majani ya sombe?" Patron alinguruma.

Nyuzi hizo huwasha. Nilijikuna hadi kanisani wakati wa misa, waumini wakanikimbia, wakahamia benchi lingine.

Adui wetu alikuwa baridi ya Butembo: gundi ilikataa kuganda. Patron, aliyekulia nyumba ya kupika kasiksi, pombe ya ndizi, akafanya kama wanavyoivisha ndizi za pombe hiyo. Tulifunika bawa kwa maturubai, tukaweka mbabula, yaani majiko ya makaa, pembeni, nyuma ya mabati. Kipimo kilikuwa kiganja: mkono usipovumilia joto, povu nalo linayeyuka. Kesho yake bawa lilikuwa kavu, tukaimba.

Lakini Mama Patron alikuwa ameapa: mumewe hapandi ndege hiyo mpaka yeye aone bawa likibeba mzigo. Tukalifunga kwenye fremu ya chuma, tumbo juu, kwa sababu angani hewa hulisukuma kutoka chini, tukalipakia magunia ya viazi kutoka mashamba ya Musienene. Lilipinda. Kisha ndani: kach!

Nilipiga magoti, nikachungulia. Ni tone la gundi iliyozidi lililopasuka. Bawa lilikuwa zima.

"Inatosha," Patron alisema, akijipangusa jasho.

"Hapana," Mama alijibu. "Kule juu bawa haitabeba viazi, itabeba bwana yangu. Munipandishe."

Akapanda, akakaa juu ya magunia, akajitikisa kama yuko arusini. Bawa likashuka kidogo, likatulia. Tulipoondoa mzigo, lilirudi likanyooka, na hiyo ndiyo dalili ya afya; bawa linalobaki limepinda limeumia.

"Bon. Enda sasa," alimwambia mumewe. "Na ukianguka, usirudi kwangu."

Ndege ilipokamilika, tukaipeleka kwa lori hadi Beni, kwenye uwanja mrefu wa ndege. Iliruka, Patron akiwa ndani. Mama alipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka.

Sasa nimestaafu, mgongo uliomba ruhusa kabla yangu. Ndege ile ikinguruma juu ya Butembo, natoka uani bila viatu. Majirani humpungia Patron. Mimi nalipungia bawa.