Siku Nilipotafsiri Madini Adimu

Nilikuwa mkalimani wa ofisi moja ya Moroni, mji mkuu wa visiwa vyetu, na Kifaransa changu nilikiringia kama kanzu mpya. Enzi hizo mamluki ndio walioshika nchi. Nikatumwa Mutsamudu, mji wa kisiwa kingine, kumtafsiria mkemia mgeni mbele ya watu ukumbini, nikiwadharau wenyeji kabla sijawaona.

Mgeni alieleza jinsi alivyoyabana madini adimu kati ya almasi mbili, kwa shinikizo kubwa mno, hadi yakazaa kampaundi mpya ya kikemia. Kwa Kifaransa madini hayo huitwa "terres rares", yaani ardhi adimu. Mimi, bingwa, nikatangaza: "Anasema ardhi yenu adimu itabanwa kwa nguvu mpaka iwe kitu kingine."

Ukumbi ukachafuka. Mfanyabiashara mmoja mzee akasimama. "Mashamba yetu? Mamluki ndio watakaotubana?"

"Ndivyo alivyosema, mzee," nikajibu kwa madaha. "Mngesoma mngeelewa."

Bi Echata, mshonaji aliyekaa mbele, akamuuliza mgeni mwenyewe, kwa Kifaransa kizuri kuliko changu. Mgeni akanikodolea macho, kisha akampa kichupa chenye kipande cha madini kidogo kama punje ya mchele. Bi Echata akakiinua juu, wote wakaona.

"Shamba lenyewe hili hapa," akasema. "Bwana wa Moroni, njoo ulime."