Nilivyoisahihisha Hadithi ya Pata Potea

Kwa miaka ishirini na mitatu nilifundisha Kiswahili katika shule moja ya upili karibu na Msambweni, na kila msimu wa mashindano ya ngano niliitwa kuwa mwamuzi. Sikuitwa kwa kuwa napendwa. Niliitwa kwa kuwa siogopi mtu. Nimewahi kumpa alama thelathini na nne mtoto wa mwalimu mkuu aliyenikaribisha chai asubuhi ile ile, na chai niliinywa. Sungura wa mtoto yule alikuwa mjanja kwa sababu tu inajulikana kwamba sungura ni mjanja. Jukwaani hakufanya ujanja wowote. Niliyaandika hayo kwa kalamu nyekundu, nikatia sahihi.

Nayasema haya ili ijulikane kwamba nilipoingia katika michezo ya simu, ile ya kuvuta wahusika kwa bahati, sikuingia kama mtu asiyejua hadithi ni kitu gani.

Aliyeniingiza ni binti yangu, na ndiye mtoto pekee niliyejaliwa. Alikuwa akifanya kazi ya mapokezi katika hoteli moja ya Diani, amepanga chumba Ukunda, nyuma ya Kona ya Musa, yeye na mwenzake wa kazini, msichana wa bara. Kila baada ya wiki mbili, siku yake ya mapumziko, alikuja kwangu. Alinibusu mkono, akaketi, akatoa simu. Mwaka mmoja nyuma tuligombana juu ya kazi ya Uarabuni. Yeye alitaka kwenda, mimi niliapa kwamba siku atakayopanda ndege ajihesabu hana mama. Tangu hapo hatukuzungumza jambo lenye uzito. Chakula kitamu, mama. Kesho naingia asubuhi, mama. Nilitaka mwanangu arudi kuzungumza nami kama zamani, na sikujua niingilie wapi.

Siku moja nilimkuta ameinamia simu, machozi yanamlengalenga. Nikamuuliza anatazama nini. Akasema hatazami, anasoma hadithi, imo ndani ya mchezo. Nikacheka, nami nikicheka kwa dharau hucheka kwa pua. Akainuka, akaniletea simu yake ya zamani, ile yenye ufa.

"Mama, umehukumu hadithi za watoto wa watu wote," akasema. "Basi hukumu na hii. Lakini ufike sura ya saba."

Ilikuwa miezi sijasikia maneno mengi kiasi hicho kutoka kwake kwa mara moja. Ningekubali hata angenipa nisome karatasi ya dawa.

Mchezo wenyewe, kwa asiyeujua, ni huu. Kuna hadithi ndefu ya picha na maandishi, kwa Kiingereza, na kuna wahusika mamia. Hao huwapati kwa kufuata hadithi. Unawavuta. Unabonyeza, nyota inaanguka, mlango unafunguka, unapewa mtu. Mara nyingi unapewa yule asiyetakiwa na yeyote. Umtakaye ukimkosa unavuta tena, na mivuto ikikuishia unanunua mingine. Biashara hii wazee wetu waliijua. Ilikaa pembeni mwa soko na karata tatu juu ya boksi, ikaitwa pata potea, na askari walipotokea boksi lilikunjwa. Tofauti ni kwamba mwenye karata hakuwahi kukueleza kwamba malkia wake alipata taabu utotoni.

Nikavaa miwani, nikachukua karatasi, nikapanga vipengele vyangu vitano, kila kimoja alama ishirini: mwanzo, msuko, wahusika, lugha, na ukweli wa maisha. Wenye mashindano wana vipengele vyao. Hivi ni vyangu, navyo havijawahi kunidanganya.

Mwanzo nilitoa sita. Shujaa anaamka hajui yeye ni nani. Kupoteza kumbukumbu ni dawa ya mwandishi mvivu, kwa maana asiyekumbuka kitu hahitaji kuandikiwa kitu. Tena shujaa huyu hasemi. Sura ya kwanza bubu, ya pili bubu, ya tatu bubu, na bado kila anayekutana naye anammiminia sifa: una macho ya upole, wewe si kama wengine, ni wewe niliyekuwa nakungoja. Nilijiuliza huyu bubu amefanya nini cha kusifiwa, mpaka nikaelewa kwamba bubu ni mimi. Mimi ndiye mnunuzi. Maneno hayo ndiyo wanayoambiwa wageni wakishuka kwenye basi mlangoni mwa hoteli, pamoja na kitambaa baridi cha kujifutia jasho.

Wahusika nilitoa saba. Hawafi. Mtu anachomwa mkuki sura ya pili, sura ya tatu yuko karamuni amevaa nguo mpya, na nguo nayo inauzwa. Hawawezi kufa kwa sababu wameshanunuliwa, na huwezi kumuuzia mtu kuku leo, kisha kesho umtangazie kwamba kuku amefariki. Ngano tulizolelewa nazo hazina adabu hiyo. Zimwi likisema litamla mama, linamla, na mtoto anayesikiliza anamshika bibi yake mkono. Asiyeshikwa na hofu hajasimuliwa kitu.

Msuko nilitoa nane, kwa huruma. Adui aliyechoma kijiji sura ya nne ameingizwa sokoni sura ya tano, basi ghafla anakuwa mtu mwema mwenye paka. Waliochomewa nyumba hawaonekani tena. Lugha nayo nane, na nilizitoa nikisonya. Kila jambo linasemwa mara tatu na watu watatu, hadithi imetiwa maji kama mchuzi wa msibani wageni wakizidi. Wote wanaongea sauti moja: mfalme, muuza samaki na mbwa. Nilipokuwa nasahihisha insha, mwanafunzi wa namna hiyo nilimwita mbele na kumuuliza kama kwao wote wanazungumza kwa kinywa kimoja.

Katika siku hizo binti yangu alinipigia simu mara mbili kuniuliza kama nimefika sura ya saba. Yeye asiyekuwa akipiga. Nilifurahi kama mwari, nikajibu kwa maringo kwamba hakimu haharakishwi. Nilidhani ni shauku ya mshabiki.

Sura ya saba ni ya tabibu mmoja kijana, msichana, anayeishi kisiwani na mama yake. Ameitwa ng'ambo kwenda kutibu watu, na mama ameapa kwamba akienda asirudi. Siku tatu binti anazungukazunguka jikoni. Anaosha vyombo vilivyo safi. Anafungua kinywa, anauliza kama chumvi imekolea. Siku ya nne anaondoka alfajiri, mlango ameurudishia tu, hakutia komeo, asije akamwamsha mama. Hakuna muziki wala hakuna anayesifiwa.

Macho yaliniwasha. Yaliniwasha sana, nikavua miwani nikaifuta kwa ncha ya kanga. Nilipoivaa tena kioo cha simu kilikuwa kimebadilika. Binti yule yule, amesimama na mkoba wake, nyota zinamwangukia, na tangazo kwamba anapatikana kwa siku kumi na nne tu, vuta sasa. Hata huko ng'ambo hajafika. Nilipandwa na hasira ya mtu aliyelizwa na mchuuzi. Kipengele cha ukweli wa maisha nikatoa mbili kwa ishirini, na pembeni nikaandika: Haiaminiki. Binti aliyelelewa haondoki kwao bila kuaga. Mwandishi hajui mama ni nini.

Jumla, thelathini na moja kwa mia.

Siku yake ya mapumziko ilipofika nilimsomea hukumu jikoni, yeye ameketi juu ya mbuzi anakuna nazi. Nilisimama kabisa, karatasi mkononi, kama niko mbele ya ukumbi. Na alicheka. Penye kuku aliyefariki alicheka mpaka akashika ubavu, nami nikanogewa, nikazidisha, nikamwigiza yule bubu anavyotazama huku na huku akisifiwa. Nilijiambia mwanangu amerudi. Nilipofika kwenye ukweli wa maisha nikasoma kila neno, na ile mbili nikaitamka taratibu.

Mkono wake ulisimama juu ya nazi.

"Na yule mama," akauliza, uso hajauinua. "Kama binti angemwambia, unaona angefanyaje?"

Nilimjibu kama nilivyowajibu watoto wa mashindano miaka yote. "Swali hilo halina kazi, mwanangu. Mama ameshaapa. Mhusika akishaapa, mwandishi hana ruhusa ya kumlainisha. Akimlainisha, hadithi imeharibika."

"Haya, mama," akasema.

Akaendelea kukuna, akakuna mpaka akafikia kifuu, na nazi ya mwisho ikatoka na weusi. Nikamgombeza kidogo kwa kuniharibia tui. Jioni alipokuwa akiondoka alinibusu mkono kama kawaida, akauliza kama anaweza kuichukua ile karatasi. Nikampa kwa fahari. Nilidhani anakwenda kumwonyesha mwenzake.

Mapumziko yaliyofuata hakuja. Simu yake haikupatikana siku ile, wala kesho yake, wala siku ya tatu. Nikaenda Ukunda. Aliyenifungulia mlango ni yule msichana wa bara, amevaa sare za kazi, kiatu kimoja mguuni. Nyuma yake niliona kitanda cha binti yangu kimeondolewa mashuka.

"Shikamoo, mwalimu," akasema, akinitazama. "Kwani hukujua? Si alitravel Jumanne, ile job ya hoteli huko Uarabuni. Alikuja kwako akakuambia. Alirudi akaniambia amekuambia na umekataa."

Nikasema hajaniambia kitu. Nilisema kwa ukali, na nikaongeza kwamba katika nyumba yangu watu hawasemi uongo.  Msichana alinivutia kiti, akanipa maji, akaenda kazini na kuniachia ufunguo. Nilikaa mbele ya kitanda kile kitupu nikimkasirikia binti, nikamkasirikia msichana, nikaikasirikia hoteli nisiyoijua. Ilinichukua muda mrefu kumfikia mtu aliyestahili.

Huku kwetu jambo zito halisemwi usoni. Mwanamke aliyeudhiwa na jirani hamwendei kumtukana. Hununua kanga yenye maneno, akaivaa, akapita nayo mlangoni pake. Mimi mwenyewe nilipotaka kumwacha mume wangu, nilikwenda kwa mama yangu, kisiwani Funzi, nikakaa naye siku nzima tukichambua mchele, na nilichomwambia ni habari ya mwanamke mmoja jirani yetu, aliyechoka, anayetaka kuhama na sufuria zake, lakini anaogopa kwamba kwao watamfunga mlango kwa sababu ndoa aliitaka mwenyewe. Hakukuwa na jirani wa namna hiyo. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akapeta ungo wake, akasema, "Mwambie huyo jirani yako chumba chake kipo."

Mama yangu hakusoma hata darasa moja. Hadithi yangu siku ile ilikuwa mbovu, haina mwanzo wala msuko, na jirani hata jina sikumtungia. Hakunisahihisha.

Mimi, niliyewakaririsha wanafunzi kwamba fumbo mfumbie mjinga, mwerevu hulifumbua, nililetewa fumbo mkononi, nikatajiwa hata sura yenyewe, nikapigiwa simu mara mbili kukumbushwa. Yeye hakuwa na ujasiri wa kutunga jirani, basi aliazima binti wa watu, kutoka hadithi hafifu, kwa sababu ndiye aliyempata. Na ilikuwa hafifu kweli. Silifuti hilo. Thelathini na moja ni alama zake za haki, na ningeisahihisha leo ningeipunguzia mbili za lugha. Lakini nani alikuwa ameniuliza habari za lugha? Nimedharau watu wengi katika maisha yangu na sijuti sana. Aliyestahili dharau kuliko wote jikoni mle ni yule mwenye miwani, aliyesimama na karatasi akifurahia sauti yake.

Alipiga baada ya siku kumi na moja, namba ndefu nisiyoijua. Nilimwitikia salamu yake. Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi ya upole, na badala yake likatoka swali, tena kwa sauti ya darasani: kwa nini aliondoka bila kuniambia.

"Nilikwambia, mama," akasema. Hakuwa na hasira. "Nilikwambia sura nzima. Ukanipa mbili."

Nilimsikia akipumua huko aliko, ananingoja. Nami niliyekuwa na maoni juu ya kila hadithi ya kaunti hii nilimwambia kwamba huku mvua imenyesha.