Sauti Niliyoipata Mbele ya Maksai

Nikisikia mnyororo wa chuma ukigonga, hata kama ni wa geti la jirani hapa Karatu mjini, mara moja nanusa udongo mwekundu uliopinduliwa asubuhi, umechanganyika na jasho la maksai. Huo ndio ulikuwa mlio wa plau ya baba kule kijijini Qurus, msimu wa kulima kabla ya mvua kubwa. Tulikuwa na maksai wawili. Sultani alikuwa mkubwa, mweusi, mwenye kiburi kinacholingana na jina lake. Madoa alikuwa mpole, akifanya lolote alilofanya mwenzake. Baba alishika mikono ya plau nyuma, mimi nikatangulia na kamba, na tangu nikiwa mdogo niliwaongoza kwa kuwaimbia nyimbo za kanisani. Kamba ilikuwa ya sura tu. Nikiimba wanakwenda, nikinyamaza wanasimama, na majirani walizoea kusema kwamba wakisikia ile sauti yangu nyembamba wanajua kwa baba Elia wameshaamka.

Kanisani nako nilikuwa mtu, msinione hivi. Kwaya yetu haikuwa na kinanda, hivyo mmoja alianzisha wimbo na wengine wakadaka, na huyo mmoja nilikuwa mimi. Nilisimama sauti ya kwanza, bega kwa bega na mama, na nilikuwa na maringo, sitaki kuwadanganya. Mama alililaza shati langu jeupe chini ya godoro kila Jumamosi ili linyooke. Baba alikaa benchi la nyuma kabisa, mdomo umefungwa kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa mwisho. Nilidhani ndivyo alivyozaliwa.

Basi mwaka nilioingia kidato cha kwanza, Jumapili moja nikafungua kinywa kuanzisha wimbo wa sadaka. Neno la kwanza likatoka sawa. La pili likapasuka, likadondoka kama ndoo iliyokatika kamba kisimani, kisha likarudi juu likiwa mluzi. Kanisa zima likacheka, na waliocheka zaidi ni wasichana wa sauti ya pili, ambao ndio hasa niliotaka wanisikie. Mama akaudaka wimbo, akausukuma mbele bila kunitazama. Baada ya ibada mwalimu wa kwaya, Mwalimu Boay, akaniita pembeni. “Elia, pumzika kwanza,” akasema. “Sauti yako inahama. Itatulia.” Alikuwa mkweli na mpole, ila mimi nilitoka pale nikijua nimefukuzwa.

Nikaacha kuimba, na hata kuongea nikapunguza. Darasani nikiulizwa swali najibu kwa kichwa. Njiani wenzangu walinisalimu, “Jogoo, mambo?” halafu wanasubiri niwike. Mama alinipikia makande ya maziwa niyapendayo, akauliza kwa upole kama nitaenda mazoezini, nikasema kichwa kinauma. Kiliuma mwezi mzima kichwa hicho. Kilichoniuma kweli ni kwamba niliamini yamekwisha, kwamba kuimba kulikuwa kitu cha mtoto, kama meno ya utotoni, na yangu yameshang'oka.

Msimu wa kulima ukafika na kichwa bado kinauma. Nikashika kamba, nikatangulia kimya. Sultani akasimama. Nikavuta, akasimama tu. Madoa naye akasimama, kwa adabu. Sikutaka apigwe fimbo kwa sababu yangu, kwa hiyo nikajikaza nikaanza wimbo pale pale nilipozoea kuuanzia, juu. Ukatoka mluzi. Sultani akainua masikio, akanitazama kama anavyotazamwa mgeni anayejifanya ndugu, kisha akainamisha kichwa akaanza kula majani. Hata ng'ombe amenikana. Nikakaa chini kwenye udongo nikalia, mvulana mkubwa mwenye vinyweleo juu ya mdomo.

Baba akaiacha plau, akaja akachuchumaa mbele yangu. Nilitegemea kuambiwa mwanamume halii. Akasema, “Unaitafuta ile ya zamani. Ile imeshaondoka, baba. Anzia hapo ilipo sasa.” Nikamwambia hapo ilipo ni pabaya. Akakubali. “Ni pabaya, ndiyo. Na mimi yangu iliharibika hivyo hivyo, watu wakacheka. Hakuna aliyeniambia niendelee. Nikanyamaza mpaka leo.” Kisha akarudi nyuma ya plau na kufanya jambo ambalo sikuwahi kulisikia maishani mwangu: akauguna wimbo wangu, chini sana, mdomo umefungwa, sauti ikitokea kifuani. Nikaguna naye. Nikashuka, nikashuka, mpaka nikakuta mahali padogo, pa nota chache tu, ambapo sauti haikupasuka. Nikang'ang'ania hapo. Sultani akamaliza kutafuna, akafikiri, akatembea.

Tulilima shamba lote hivyo, baba akiguna nyuma, mimi mbele, na kila siku mahali pale palizidi kutanuka. Mistari ya mwaka ule ilikwenda upogo. Mahindi yalipoota mama akauliza kama tulilima tukiwa tumelewa. Tukatazamana na baba tukacheka. Sijawahi kuwa karibu naye kama msimu ule. Tulipokwisha kuvuna nikarudi kwaya. Mwalimu Boay hakuniuliza nilikuwa wapi, alinionyesha tu kwa kidole benchi la besi. Siku ya sikukuu ya mavuno, besi tulipoingia, mama aligeuza shingo kutafuta ni nani yule. Aliponiona akaendelea kuimba huku machozi yakimtoka. Nilimtafuta baba kule nyuma. Mdomo ulikuwa umefungwa.

Sasa mimi ni dereva wa watalii. Koo hili hili ndilo linalonilisha, kutwa nawasimulia wageni habari za kreta na faru wake, na wakinisifia sauti huwa namkumbuka Sultani. Qurus siku hizi tunakodi trekta, linamaliza shamba asubuhi moja, na sisemi zamani ilikuwa bora, maana miguu yangu inakumbuka. Kwaya ina kinanda na spika zinazosikika hadi barabarani. Mtoto sauti ikimpasuka, kinanda kinamfunika na hakuna anayejua. Labda ni heri. Lakini mimi nashukuru sikufunikwa, nikapata mtu wa kuguna nami, aliyenipa kitu ambacho yeye mwenyewe hakupewa na yeyote.

Mama hayupo tena, na baba, miguu imemchoka, anahitaji mkono wa kumwongoza. Sikukuu ya mavuno iliyopita sikwenda kwa wenzangu wa besi, nilikaa naye kwenye benchi lake la nyuma. Wimbo ulipoanza nikaimba chini, polepole, karibu na sikio lake. Alisikiliza ubeti mzima. Wa pili ulipoanza, nikamsikia. Ile sauti ya kifuani uzee umeichukua. Iliyotoka ilikuwa nyembamba, inakwaruza, na katikati ya neno ikapasuka. Watoto wa benchi la mbele yetu wakageuka, wakacheka. Baba akawatazama, akaingia ubeti wa tatu.