Winchi, Mama Mkunga na Gari Lisiloguswa

Ndege imeshajaa. Mizigo imepakiwa, mlango wa tumboni umefungwa, na kwenye madirisha nyuso za abiria zimejipanga zikichungulia nje. Amebaki abiria mmoja tu. Yuko katikati ya ngazi, amefungwa mikanda kwenye kiti chembamba, na wanaume wawili wanaotokwa jasho wamemshikilia juu na chini.

"Shem, pumua," anasema wa juu.

"Mimi napumua. Wewe ndiye unakoroma," anajibu wa chini.

"Nyie wanaume, mimi siyo kabati," anasema abiria. "Mkitaka kubishana, mnifikishe kwanza."

Wa juu wanamwita Winchi, na ukimtazama mabega huulizi kwa nini. Kazi yake hapa uwanjani ni kupandisha na kushusha abiria wasioweza kutembea, na ameifanya tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Wa chini ni mdogo wa mke wake, ambaye uwanja mzima unamwita Shemeji, hata wasiohusiana naye kwa lolote.

Wana utaratibu wao. Kiti hupanda kinyumenyume, kwa hiyo anayebebwa hutazama alikotoka. Wa chini ndiye anayeongea na abiria, maana ndiye anayemwona usoni. Wa juu hana ruhusa ya porojo. Kazi yake ni kutazama magurudumu na kusema "haya" kila kidaraja.

Ndiyo maana anayemwona wa kwanza msimamizi wa zamu akija mbio kutoka jengoni ni abiria mwenyewe.

"Kuna mtu anakimbia," anasema. "Na huyu nimjuavyo hakimbii bure."

"Simameni! Simameni hapo hapo!" Msimamizi anafika chini ya ngazi, redio ya mkononi inakoroma kifuani. "Agizo limetoka sasa hivi. Kuanzia leo, marufuku kubeba abiria kwa mikono."

Winchi anateremsha magurudumu ya nyuma yakalie kidaraja. Hainui macho. Hawezi kuyainua.

"Sawa, bosi. Mlete Bibi Harusi."

"Unajua Bibi Harusi haguswi."

Bibi Harusi ni gari. Lina chumba kikubwa mgongoni, na chumba hicho huinuka chenyewe mpaka mlango wa ndege. Mgonjwa anasukumwa ndani akiwa kwenye kiti chake, mtu anabonyeza kitufe, kwisha habari. Lilinunuliwa jipya, likaletwa, likapigwa picha. Winchi na Shemeji walipelekwa mafunzo ya kuliendesha, wakarudi na vyeti. Kisha likafunikwa turubai jeupe, likaegeshwa kando ya jengo la zimamoto, na limekaa hapo likisubiri. Ndipo likapata jina.

Linasubiri mjadala uishe. Uwanja huu wa mji wa kati, si mkubwa wala si wa kudharaulika, unatakiwa kukabidhiwa kwa mwekezaji binafsi. Wako wanaosema mwekezaji ataleta vyoo vinavyotoa maji na viyoozi vinavyopuliza. Wako wanaosema atafukuza watu na kutoza hata kivuli. Wamebishana redioni, wamebishana mkutanoni, wamebishana kwenye ukumbi wa mizigo huku mkanda wa mabegi ukizunguka mtupu. Katika kubishana huko kimeafikiwa kitu kimoja tu: mali zote zithaminiwe kwanza, na kisichokuwa kimeanza kutumika kisianze, maana kikitumika kitapungua thamani.

"Mimi naambiwa lile gari likikaa linabaki zima," anasema Winchi. "Na mgongo wangu ukibeba hakuna anayeuliza umebaki na thamani gani."

Mke wake ana maneno makali zaidi. Yeye ndiye anayemkanda kila akirudi nyumbani, amelala kifudifudi kwenye mkeka sebuleni, chumba kizima kinanuka dawa ya misuli. "Wathamini wakipita hapo kazini waambie wakuandike na wewe," humwambia. "Labda watakufunika turubai upumzike."

Zamani haikuwa kazi ya kuua. Kila asubuhi ilikuja ndege ndogo ya mapangaboi, ngazi yake imo humo humo mlangoni, vidaraja vichache tu. Winchi angempandisha mtu huku akipiga mluzi. Kisha shirika likatangaza huduma bora. Mabango yakawekwa mpaka barabara kuu: ndege kubwa, viti vipana. Yasichosema mabango ni kwamba ndege kubwa ingekuja siku tatu tu kwa wiki, kwamba mlango wake uko juu kama paa la nyumba, na kwamba kwa haraka yake ya kugeuza na kuondoka, wasiotembea wangepandishwa mwisho badala ya mwanzo, wasiwazuie wengine.

"Huduma iliboreshwa," anasema Shemeji. "Sisi ndio tulioharibika."

Abiria aliye kwenye kiti anaifahamu habari hiyo kuliko wengi. Ni mkunga mstaafu, anaitwa Mama Mkunga, na nusu ya watu wanaomkagulia tiketi walilia mara ya kwanza mikononi mwake. Sukari imeshamla mguu mmoja. Wa pili una kidonda ambacho kinatibiwa na daktari mmoja tu, katika hospitali kubwa ya mji mwingine. Kwa basi ni mchana na usiku mguu ukining'inia, na daktari ameshakataa. Amesema pia kwamba kliniki ya kesho ikimpita, hawezi kuahidi kuuokoa mguu huo. Ndege nyingine ni keshokutwa.

Winchi anayajua hayo. Siku ndege kubwa zilipoanza, Mama Mkunga alizitazama ngazi akasema basi, safari zake zimekwisha. Winchi alimwambia: "Mama, utakosa ndege kwa mvua, kwa rubani mgonjwa, kwa lolote. Kwa ngazi, hukosi." Tangu hapo hajawahi kumkosesha.

Sasa wako katikati.

"Haya, mshusheni taratibu," anasema msimamizi.

"Kumshusha si kumbeba?" anauliza Winchi.

Msimamizi anainua redio. Anaiuliza. Redio inakwaruza, inamuuliza meneja wa uwanja, inarudi.

"Wanasema msubiri."

"Tusubiri wapi? Hapa?"

"Hapo hapo. Msimpandishe, msimshushe."

"Bosi," anasema Shemeji akikiegemeza kiti begani, "na kumshikilia je? Kumeruhusiwa au nimwachie?"

Agizo lenyewe, msimamizi anaeleza akijifuta uso, limetokana na watu wa bima wa mwekezaji. Walifika jana kukagua, wakaona mtu anabebwa ngazini, wakaguna. Mwekezaji akaandika kwamba hataki kurithi hatari hiyo. Uongozi ukakataza. Kuhusu Bibi Harusi watu wa bima hawakuandika kitu, maana wao walikuja kukagua hatari, na gari lililofunikwa halina hatari.

Rubani anajitokeza mlangoni, mikono kiunoni. "Jamani, nimepewa nafasi ya kuruka. Ikinipita tunakaa hapa mpaka jua lichwe. Kuna nini?"

"Kuna agizo, kapteni."

"Basi mwingizeni."

"Ndilo agizo lenyewe, wasimwingize."

"Basi mtoeni!"

"Hilo nalo wamekataa."

Rubani anatazama kizingiti cha mlango wake. "Mimi abiria ni wangu akishakanyaga hapa. Ngazi ni za uwanja. Siwezi kuingilia ngazi za watu."

Nyuma yake sauti ya mwanaume inatoka ndani ya ndege: "Si aende kesho huyo!" Sauti ya mwanamke inamjibu: "Kesho ipi, una ndege yako?" Halafu wote wanaanza kuongea kwa pamoja, kama ilivyo kawaida ya watu waliofungwa mikanda.

Mama Mkunga anamtazama msimamizi kule chini.

"Wewe," anamwambia. "Nilikupokea ukitanguliza miguu. Mama yako nusura tumpoteze. Naona mpaka leo mambo yako ni kinyumenyume."

Wapakia mizigo wanaangua kicheko. Msimamizi hacheki. "Mama, siyo mimi. Natumwa tu."

"Najua unatumwa. Ningekuwa nadhani ni wewe ningeshakuchapa." Anaanza kufungua mikanda ya kiti. "Agizo linasema nisibebwe?"

"Ndiyo, mama."

"Halisemi nisipande?"

Msimamizi anaiinua redio, anaitazama, anaishusha bila kuuliza.

Mama Mkunga anajisogeza kutoka kwenye kiti mpaka kwenye kidaraja. Anakaa kitako, mgongo kwa ndege, uso kwa uwanja. Anaweka viganja kwenye kidaraja cha nyuma yake, anajiinua, anakaa. Mguu wenye bandeji ameuinua mbele, usiguse chuma. Kidaraja kimoja. Anapumzika. Kingine.

Winchi anapanda pembeni yake, mikono miwili wazi kama mtu anayefuata mtoto anayejifunza kutembea, na mikono hiyo haimgusi. Amebeba watu maisha yake yote, na leo kazi yake ni kutombeba.

"Kiti nacho kisibebwe?" Shemeji anauliza.

"Kiti kibebe tu," anasema msimamizi, na hapo hapo anaonekana kujutia alichosema.

Shemeji anakipandisha kitupu.

Ndani ya ndege nyuso zimerudi madirishani. Wapakia mizigo hawacheki tena, mmoja amevua kofia. Mama Mkunga anapanda. Anakaza kitenge chake kisimfunue, anapanda. Sasa yuko karibu na juu. Anajiinua, anarudi pale pale. Anajaribu tena, anarudi pale pale. Jasho linamtiririka shingoni.

"Vidaraja vimebaki vingi?" anauliza. Haoni nyuma.

"Vichache, mama," anasema Winchi.

"Nimechoka, mwanangu."

Winchi anamtazama msimamizi. Msimamizi anamtazama Winchi. Kisha anageuka, anawapa mgongo wote, na kuanza kuigongagonga redio kiganjani kama kitu kilichoharibika, macho yake yakiwa upande wa turubai jeupe.

Winchi anapiga goti. Anapitisha mkono mmoja nyuma ya mabega, mwingine chini ya mapaja, na ananyanyuka peke yake. Hakuna aliyesema "haya". Anapiga hatua zilizobaki, anavuka kizingiti, na kumkalisha Mama Mkunga kwenye kiti cha mbele kabisa ambacho kijana mmoja amekiachia bila kuombwa.

"Umeuumiza mgongo wako bure," Mama Mkunga anamwambia.

"Ulishaumia siku nyingi, mama. Safari njema."

Ndege iliondoka.

Msimamizi alipoulizwa, alisema hakuona kitu. Uongozi ungemwamini, isipokuwa madirisha yale yote yalikuwa na simu. Kufikia jioni, video ilikuwa imezunguka mjini kote. Waliounga mkono mwekezaji waliisambaza wakisema tazameni uwanja wa serikali unavyotesa wagonjwa. Waliompinga waliisambaza wakisema tazameni mwekezaji anavyotesa wagonjwa hata kabla hajafika. Pande zote mbili zilimwita Winchi shujaa. Uongozi ulimwita ofisini na kumsimamisha kazi mwezi mzima bila mshahara.

"Nilimuuliza meneja, kosa langu nini hasa," anasema Winchi, amekaa kwenye kibaraza cha nyumba yake ya kupanga, mto mgongoni. "Akasema nimekiuka agizo. Nikamwambia niandikie basi, mama yule angefanya nini pale. Akasema hilo linashughulikiwa na kamati." Anatikisa kichwa. "Nimeshakuwa mtu mzima. Nilidhani nimeshaona kila namna ya kukwama. Kumbe kuna ya kukwama huku njia iko wazi, gari lipo, dereva yupo."

Hiyo ilikuwa miezi kadhaa iliyopita. Hali sasa ni kama ifuatavyo.

Mama Mkunga aliwahi kliniki, na mguu bado anao. Hajarudi nyumbani, kwa sababu agizo linahusu kushuka pia. Anaishi kwa binti wa dada yake, karibu na hospitali. Nyumba yake hapa mjini imepangishwa.

Msimamizi wa zamu amehamishiwa kitengo cha maegesho ya magari.

Shemeji anaendesha trekta la mizigo. Anasema mabegi hayaongei, na kwamba hilo limemnyima raha.

Shirika la ndege limepunguza safari kutoka tatu hadi mbili kwa wiki. Bango la huduma bora bado liko barabara kuu.

Mwekezaji hajafika wala hajajitoa. Mazungumzo yanaendelea.

Wathamini walimaliza kazi. Bibi Harusi aliandikwa chini ya vifaa vya matengenezo ya jengo, na kwa kuwa ameshaandikwa, akaruhusiwa kutumika. Alivuliwa turubai mwezi uliopita. Anatumika kubadilishia taa za mbele ya jengo la abiria, ambazo ziko juu sana kwa ngazi ya kawaida.

Winchi alirudi kazini adhabu ilipokwisha, na gari lilipofunuliwa akapewa yeye, kwa kuwa yeye na Shemeji ndio pekee wenye cheti cha kuliendesha gari hilo. Ameshaomba mara mbili liandikwe upya, kwa abiria. Ameahidiwa jibu. Mpango wake ni kuomba mara ya tatu, na jibu likija, ampigie Mama Mkunga simu kabla hajamwambia hata mke wake.

Kwa sasa humpandisha fundi umeme mpaka kwenye taa, humsubiri afunge balbu, na humshusha. Anasema gari halina tatizo lolote. Linainuka vizuri sana.