Gari la Baba, Injini ya Watu

Baba alikuwa ameshakubaliana na mnunuzi wa chuma chakavu. Kigari chake kidogo cha milango miwili, alichoendea kazini enzi za ukarani wa pamba, kingekatwakatwa mara tu mvua zikiisha na barabara ikauke. "Injini imekufa, mayu," aliniambia. Huniita mayu, yaani mama, akitaka nisibishane naye.

Nilibisha. Nauza spea Bariadi mjini, na nilishaiona injini nzima, yenye nguvu kweli, ndani ya gari la kisasa lililopinduka. Nikamwambia nikilitembeza gari lake kabla huyo mnunuzi hajalichukua, linakuwa langu. Akacheka. "Chukua. Kuku watafute pengine pa kutagia."

Mimi na fundi wangu tukalivuta mpaka dukani kwangu. "Dada, injini hii haiingii," fundi akasema. "Itaingia," nikamjibu. Tukakata, tukachomelea, ikaingia. Siku ya kujaribu nikakanyaga mafuta, likanguruma, mtaa mzima ukatoka. Halafu, ka! Ekseli za zamani zikakatika.

"Umemfunga fahali kwenye toroli la mtoto!" jirani akapiga kelele, na watu wakashika mbavu. Nilikasirika, jamani! Nililia kwa hasira, nikajifuta kwa mkono wenye grisi, nikamwambia fundi tufungue vyote upya. Tulikuwa tumebadilisha moyo tukaacha miguu. Tukarudi kwenye lile gari lililopinduka, tukang'oa gia boksi, difu, ekseli, na breki pia, maana kukimbia bila kuweza kusimama ni kujitafutia msiba.

Bado tunakaza nati, Baba akapiga simu: mnunuzi ameshafika Lamadi, yuko njiani. "Kaza, kaza!" nikamfokea fundi, maskini, wala hakuwa na kosa.

Nilipofika nalo nyumbani kwa Baba, Ngulyati, lori la mnunuzi lilikuwa tayari uani. Baba akafungua boneti, akatazama, kisha akanyoosha mkono. "Funguo. Nijaribu." Akaondoka kwa kasi iliyonitisha. Mimi na mnunuzi tukabaki tumesimama kwenye vumbi, tukingoja.

Alirudi anacheka meno yote nje. Akamwambia mnunuzi aende salama, akatia funguo kwenye mfuko wa shati, akafunga kifungo.

"Baba, si tulikubaliana ni langu?"

"Tulikubaliana lile lililokufa," akasema. "Hili ni zima."