Kemia ya Jumamosi

Juzi nilikuwa kwenye sekondari moja ya kata hapa Tunduma. Wakala mmoja wa forodha, aliyejitolea kuwashauri wanafunzi kuhusu kazi, alimuuliza binti mmoja kutoka kijiji cha Kamsamba anataka kuwa nani.

“Nesi.”

“Safi! Basi kaza kemia.”

“Mwalimu wa kemia hatuna, baba. Wewe uliisoma?”

“Tena nilifaulu,” akajibu, akiinyoosha tai yake.

“Basi njoo Jumamosi utufundishe.”

Darasa zima likacheka. Bwana akatazama saa, akasema ataangalia ratiba. Nilikasirika, maana ushauri wa bure hata mimi ninao.

Jumamosi nikapita makusudi, nipate la kumsema hapa kwenye safu yangu. Nikamkuta ubaoni, tai ameitia mfukoni, mikono imejaa chaki. Basi, wiki hii sina wa kumsema.