Kijiti Chekundu Kwenye Mahindi ya Pélagie

Mume wangu marehemu, Grégoire, hakujaribu kumnyang'anya mtu shamba. Jirani yetu Pélagie ameusema uongo huo tangu mwaka 2013, bombani na hata kanisani, nanyi wa kijiji cha Kashojwa mkaumeza bila kutafuna. Basi someni.

Grégoire alizaliwa Fizi, Kongo, akafika kambi hii ya wakimbizi ya Nakivale mwaka 1998 na jembe moja. Kuandika nilimfundisha mimi. Mwaka huo wa 2013 alijitolea na wenzake wawili kupima afya ya kingo za kijito chetu. Nabilah, mtaalamu kutoka Mbarara, aliwaonyesha la kutazama: mizizi, udongo ulio wazi, mahali ng'ombe wanapokanyaga. Kila hatua hamsini walitoa alama. Ukingo uliopata chini ya tatu kati ya kumi ulichomekwa kijiti chekundu. Hapo mtu hakulima tena, alipanda matete.

Shamba letu la maharage lilipata mbili. Wenzake walikuwa tayari kumpa nne. Yeye ndiye aliyekataa.

"Unatunyima chakula kwa mkono wako?" nilimwuliza.

"Mama Mariette, udongo unaanguka mu maji. Nimeuona."

Siku tatu baadaye, asubuhi, Pélagie alimkuta katikati ya mahindi yake, kijiti chekundu mkononi.

"Ee, Baba Mariette! Unanipandia ugonjwa yako mu shamba yangu? Mukuje, muone mupimaji!"

"Hapana, mama. Ninakiondoa."

"Mwizi akikamatwa, anasema anarudisha!"

Watu wakacheka. Akakibeba mbele yao hadi kwetu, akakichomeka mahali pake, akaanza kung'oa maharage yaliyokuwa yametoa maua. Hakujitetea siku ile, wala baadaye, hadi tulipomzika mwaka jana. Ukimya wake mkauita hatia.

Wote mliocheka, hakuna aliyemwuliza alikikuta wapi. Alikikuta palepale kwenye mahindi ya Pélagie. Aliyeking'oa kwetu na kukipeleka huko alfajiri ile ni mimi, mwalimu wa watoto wenu. Grégoire alijua, akabeba aibu yangu hadi kaburini bila kunitaja kwa mtu.

Kwa hiyo mkitaka jina la kutafuna, tafuneni langu. La kwake liacheni. Wala msije mlangoni kuniuliza kwa nini. Sisemi zaidi.